Makaratasi ya Kitambulisho Yako Kwao Serikalini, Mbona Twabebeshwa Sisi?

Kila mwaka matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, hapa Mombasa utawaona vijana wamejipanga nje ya ofisi za machifu kuomba kitambulisho, Likoni, Kisauni, Changamwe, Majengo, kila mmoja ana bahasha yake ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, kopi ya ID ya mama, kopi ya ID ya baba, cheti cha shule, barua ya mzee wa mtaa, na kama baba ashafariki basi cheti cha kifo, na kama majina hayalingani basi afidaviti ya wakili. Na bado waeza kufika mbele ya meza ukaambiwa kuna kitu kimepungua, rudi kesho.

Nataka kusema jambo moja hapa, ila lina pande nyingi kwa hivyo nivumilieni. Hayo makaratasi karibu yote yametolewa na serikali yenyewe. Cheti cha kuzaliwa kimetoka kwa msajili wa vizazi na vifo. ID ya mama imetoka kwa ofisi ya usajili wa watu, ofisi ile ile ambayo leo yataka ionyeshwe kopi ya kitu ilichokichapisha yenyewe. Cheti cha mtihani kimetoka KNEC, baraza la mitihani la serikali. Cheti cha kifo kimetoka kwa yule yule msajili wa vizazi na vifo. Na hizi ofisi mbili kubwa, ya kusajili watu na ya kusajili vizazi na vifo, zote ziko chini ya idara kuu moja, ile ya uhamiaji na huduma kwa raia. Sasa mtoto wa miaka 18 amefanywa tarishi, atoke ofisi hii na karatasi aipeleke ofisi ile, na zote mbili zina bosi mmoja Nairobi.

Hapo ndo pana tatizo. Wengi wetu tukizungumzia ID twalalamikia chifu, twalalamikia karani, twasema wanataka chai, na ni kweli wako wanaotaka. Lakini hata ukiwapata machifu wote wa Mombasa waaminifu kama nini, kazi bado itakuwa ngumu, manake mzigo wa kuthibitisha umewekwa upande usiokuwa na uwezo wa kuthibitisha. Kijana hana rejista. Hana kompyuta ya kuangalia mamake alisajiliwa lini na wapi. Serikali ndo inayo. Alafu yule asiyekuwa na kitu ndo aulizwa, na mwenye nacho ndo akaa nyuma ya meza asubiri.

Tuanze na cheti cha kuzaliwa manake hapo ndo safari huanza kukwama. Mtoto akizaliwa hospitali kama Coast General, mama hupewa notifikesheni, kile kikaratasi ambacho baadaye ndo akipeleke apewe cheti chenyewe. Wengi huishia hapo kwenye notifikesheni, wakaiweka ndani ya Msahafu au chini ya godoro, mpaka mtoto afike darasa la kusajiliwa mtihani ndo shule iitishe cheti. Kwa hivyo yule mtoto wa Mombasa aliyefanya KCSE, serikali ishamuitisha cheti cha kuzaliwa zamani, ikakiona, ikaandika namba yake kwenye sistimu ya wizara ya elimu, ikampa mtihani kwa jina hilo. Miezi michache baadaye serikali hiyo hiyo yamwambia, wewe ni nani, lete cheti cha kuzaliwa.

Na huyo ni yule aliyezaliwa hospitali. Wale waliozaliwa nyumbani wana hadithi nyengine. Mama anaishi Kongowea, mimba ikikua aenda kwao Kaloleni au Msambweni akajifungue kwa mamake, azaliwa mtoto mikononi mwa mkunga, mama akipata nguvu arudi mjini na mtoto mgongoni. Kizazi cha nyumbani chafaa kiandikishwe kwa naibu wa chifu wa pale pale alipozaliwa, na kikipita miezi sita kishakuwa usajili wa kuchelewa, wenye masharti yake na ushahidi wake. Sasa yule mama alirudi Mombasa na wiki tatu. Nani alimwambia? Hakuna. Miaka 18 baadaye mtoto atumwa Kaloleni kutafuta naibu wa chifu ambaye kwanza si yule wa wakati ule, na mkunga ashakufa, na bibi hakumbuki tarehe ila akumbuka ilikuwa mwaka wa mvua nyingi. Akishindwa kabisa apelekwa hospitali ya serikali akapimwe umri, daktari amwangalie meno na mifupa aandike kwamba huyu ashafika. Kumbe shahidi mkubwa, mama aliyemzaa, yuko hai na ana ID, na amesimama naye hapo hapo kwenye foleni.

Kuna hili jambo la majina, nalo nataka nikae nalo kidogo kwa sababu kwetu Pwani ndo lavunja watu zaidi ya jengine lolote, na watu wa Nairobi wanaotengeneza hizi fomu sidhani kama walishalifikiria vizuri.

Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana ile fomu inavyotaka. Mtoto hupewa jina lake, likafuatiwa la babake, likafuatiwa la babu yake. Salim Omar Said. Mamake ni Mwanajuma Bakari Hamisi, na ataendelea kuwa Mwanajuma Bakari Hamisi hata akiolewa, manake mwanamke wa Kiislamu habadilishi jina la babake kwa sababu ya mume. Kwa hivyo mama na mtoto hawana hata jina moja linalofanana. Karani aliyezoea kuona familia nzima imebeba jina moja mwisho, akiangalia zile kopi mbili aona watu wasiojuana. Wagiriama nao wana utaratibu wao wa kumrudisha babu, utapata Kazungu Charo Kazungu, na mwanawe wa kwanza atakuwa Charo Kazungu Charo, mambo ambayo mtu wa kijijini ayaelewa mara moja lakini kwenye kompyuta yaonekana kama makosa ya kuchapa.

Ongeza hapo tahajia. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamad. Athman, Athumani, Othman. Aisha, Asha, Mwanaisha. Mtu huwa hajiandiki mwenyewe, hutaja jina lake kwa mdomo na mwengine ndo aliandike jinsi alivyosikia, na yule aliyeandika 1987 hakusoma shule moja na yule aliyeandika 2007. Kuna siku nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mama mmoja amemleta mwanawe wa kiume, kijana mrefu ametulia tu hasemi, na karani akazipanga karatasi mbili juu ya meza akaweka kidole.

"Mama, hapa kwa cheti cha mtoto jina la mama ni Fatma. Hapa kwa ID yako ni Fatuma. Hawa ni watu wawili."

Yule mama akaziangalia zote mbili. Akasema, "Mwanangu, Fatma ni mimi na Fatuma ni mimi. Mie nilitaja tu, walioandika ni nyinyi."

Akaambiwa akalete afidaviti. Afidaviti ni kwenda kwa wakili, uape kwamba wewe ni wewe, ulipe, ikapigwe muhuri, urudi siku nyengine. Yule mama alikuwa amefunga genge lake la mboga asubuhi ile ili aje, na kijana wake alikuwa amepata kazi mahali lakini hawamwandiki bila ID. Herufi moja, u. Na hiyo u haikuwa yake, ilikuwa ya karani fulani wa miaka iliyopita ambaye hata hajulikani, na hakuna mtu atakayemuita huyo karani aje alipie afidaviti. Kosa limefanywa ofisini, gharama imekwenda mtaani. Hilo mimi silikubali na sioni kwa nini yeyote alikubali.

Na dawa yake haitaki hata akili nyingi. ID ina namba. Namba haina tahajia. Mama akiandikishwa hospitalini namba ya ID yake huulizwa, basi rejista ya kizazi ikishikanishwa na namba ya mama, hakuna haja ya mtu kubishana Fatma na Fatuma miaka 18 baadaye, watafuta ile namba, watokea mtu mmoja, vidole vyake viko pale, picha yake iko pale, na yeye mwenyewe kasimama mbele yako. Kitu gani chengine kinatakikana?

Tuje kwa baba aliyefariki. Kwetu mtu akifariki alfajiri, alasiri keshazikwa. Hupatikana kibali cha mazishi, watu wakaenda Kikowani wakazika, wakarudi kwenye matanga, na mambo ya cheti cha kifo yakabaki hapo. Si uzembe. Cheti cha kifo hufuatwa na mwenye kitu cha kurithi, mwenye shamba, mwenye akaunti ya benki, mwenye pensheni. Baharia wa kibarua au msukuma mkokoteni wa Kongowea akifa, ameacha nini cha kufuatiliwa na cheti? Hakuna, kwa hivyo hakuna aliyekifuata. Kumbe ameacha mtoto wa miaka minne ambaye siku moja ataambiwa alete ID ya baba, aseme baba alifariki, aambiwe alete cheti cha kifo. Hapo sasa mjane arudi kutafuta daktari au chifu wa wakati ule aje aseme ndiyo, yule mtu alikufa. Namjua kijana wa Likoni ambaye jambo hili limemuweka nyumbani muda mrefu, anapanda feri kila kukicha kutafuta kibarua upande wa kisiwani, na kibarua chenyewe hapati cha maana kwa sababu getini waitisha ID. Babake amezikwa, kaburi lajulikana, mtaa mzima ulihudhuria, imamu aliyeswalisha yuko.

Na hapa ndo nataka watu wasikie vizuri sheria yasemaje, manake wengi hawajui. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ile aliyozaliwa mama yake AU baba yake ni raia. Au. Mmoja atosha. Mama akiwa na ID ya Kenya na yeye ndo mamake, kazi imekwisha, uraia wa huyo mtoto hautegemei tena cheti cha kifo cha mtu mwengine. Na kifungu cha 12 kimesema kila raia ana haki ya pasipoti na ya hati yoyote ya kujitambulisha inayotolewa na serikali. Haki, si zawadi. Sasa ukimwambia mtoto ambaye mamake ni raia kwamba hatumshughulikii mpaka alete karatasi za baba, umeongeza sharti ambalo Katiba haikuliweka.

Hili lawaumiza zaidi watoto wa kina mama waliowazaa bila ndoa. Sheria ya usajili wa vizazi ilikuwa na kifungu cha 12 kilichozuia jina la baba kuandikwa ikiwa hawakuoana mpaka baba mwenyewe akubali pamoja na mama, na kwa kawaida pale pa jina la baba pakawekwa alama za X. Mwezi wa tano 2016 Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, ikasema kifungu hicho chaenda kinyume na Katiba. Hukumu nzuri. Lakini vijana wanaofikisha 18 miaka hii wote walizaliwa kabla ya hukumu ile, vyeti vyao ni vile vya zamani, na zile X ziko pale zaonekana na kila karani, kila mmoja auliza "baba yuko wapi" mbele ya watu. Msichana wa miaka 18 asimame mbele ya foleni aelezee habari za babake. Haifai kabisa.

Kuna wale nao ambao shida yao si karatasi, ni jina la kabila. Mtoto mkamba au mjaluo amezaliwa Changamwe, amesoma Changamwe, babake amefanya kazi bandarini Kilindini miaka yote, hata hiyo lugha ya kwao haijui vizuri, aenda kuomba ID aambiwa "nenda kwenu". Kwao wapi? Nauli mpaka Machakos au Siaya na akifika kule chifu naye amwambie simjui huyu, hakukulia hapa. Nalitaja hili kwa sababu watu wakisikia shida za ID Mombasa hudhani ni za Waislamu peke yao. Sivyo.

Lakini pia tusidanganyane, kuna mzigo ambao Waislamu wa Pwani wameubeba kwa namna ya peke yake, na una historia yake. Huu Mwambao mpaka 1963 haukuwa koloni kama kule bara, ulikuwa himaya, ukanda wa maili kumi uliohesabika chini ya Sultani wa Zanzibar ingawa Waingereza ndo walioutawala tangu mkataba wa 1895. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakaandikiana kwamba ukanda huu uingie Kenya. Watu wa hapa wakalala raia wa Sultani wakaamka Wakenya. Na tangu siku hizo kumebaki lile jicho, kwamba huyu jina lake la kiarabu, huyu rangi yake, huyu lafudhi yake ya kiunguja, huyu si wa hapa. Kijana Mswahili aulizwa taifa lake, yaani ukoo wake katika Waswahili, ni mtu wa Kilindini, ni Mtangana, ni Mchangamwe, ni wa Jomvu, ni Mbajuni, na asipojua kujibu vizuri, na vijana wa siku hizi wengi hawajui, yawa shaka. Kwani Mkikuyu wa Nyeri aulizwa mbari yake ndo apewe ID?

Hiyo ndo ile inayoitwa vetting. Kamati ya wazee na maafisa wamekaa, kijana aitwa, aulizwa babu yake alizaliwa wapi, alete ID ya babu. Tume ya haki za binadamu ya kitaifa, KNCHR, ilitoa ripoti kuhusu utoaji wa vitambulisho tangu 2007. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ikaamua kesi ya watoto wa Kinubi dhidi ya Kenya, ikasema Kenya imekosea, mtoto hafai kuachwa asubiri mpaka miaka 18 ndo ajue kama ana nchi. Tukangoja. Februari 2025 Rais Ruto alipokuwa Wajir akatangaza kuondoa ukaguzi ule wa ziada kwa kaunti za mpakani. Mimi nalipongeza tangazo hilo bila kuficha, lilichelewa lakini lilifaa, na ndugu zetu wa kaskazini walilingoja miaka mingi sana.

Ila nataka tuangalie kwa makini. Kamati yaeza kuondoka na ukaguzi ukabaki, ukahamia kwenye bahasha. Zamani uliulizwa babu yako ni nani na wazee watano, sasa waambiwa tu makaratasi hayajakamilika, kaongeze lile, na lile, na lile jengine. Hakuna aliyekukataa. Hakuna jina la aliyekuzuia. Umeambiwa urudi tu. Na kwa sababu ile orodha ya vitu vinavyotakikana haifanani ofisi hadi ofisi, huyu aitisha barua ya mzee wa mtaa yule haitishi, huyu akubali kopi yule ataka orijino, basi afisa mwenye shaka na sura yako ana nafasi kubwa ya kukuzungusha bila kuvunja sheria yoyote inayoonekana. Hilo ndo laniogopesha zaidi ya ile kamati, manake kamati twaweza kuipinga, tulijua iko wapi na nani amekaa.

Na serikali ikitaka yaweza, tushaona. Wamakonde wa Kwale, wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba, wakazaa, wakajukuu, wengi hawakuwa na ID. Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais. Wakatambuliwa kama kabila la 43, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi walioishi na sisi tangu hatujazaliwa, nao wakatambuliwa 2023. Hawa watu walikuwa na cheti cha kuzaliwa cha babu? Hawakuwa nacho hata kimoja. Ilitosha kwamba majirani wawajua, wamekaa hapa, na serikali imeamua. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba bila ile karatasi ya saba mambo hayawezekani. Yakiamuliwa yawezekana.

Wako watakaosema usalama. Mombasa ni mji wa bandari, mipaka iko karibu, watu waingia kwa mashua na kwa basi, lazima serikali iwe makini ID zisipewe wageni. Hoja hiyo naiheshimu, hakuna anayetaka kitambulisho cha nchi yake kiuzwe. Lakini fikirieni. Yule mgeni mwenye pesa anayenunua ID, hafiki na bahasha pungufu. Makaratasi yake yako sawa kuliko ya mtu yeyote kwenye ile foleni, majina yamelingana herufi kwa herufi, kwa sababu yametengenezwa siku moja na mtu mmoja. Anayekuja na Fatma na Fatuma ndo mtu wa kweli, maisha ya kweli ndo huwa na makosa ya tahajia. Kadri unavyoongeza karatasi ndivyo unavyoongeza vituo vya kununua karatasi, chai kwa huyu, chai kwa yule, na mwenye pesa apita huku mwenye haki amebaki nje. Ukitaka usalama wa kweli angalia rejista yako mwenyewe na vidole vya mama, hivyo haviuzwi dukani.

Kuhusu pesa sitakaa sana. Mwishoni mwa 2023 ada zilipandishwa, ID mpya shilingi 1,000 na ya kubadilisha 2,000, watu wakapiga kelele, 2024 zikashushwa zikawa 300 na 1,000, na 2025 ikatangazwa kwamba kitambulisho cha kwanza ni bure. Vizuri. Lakini ada haikuwa ndo gharama yenyewe. Gharama ni nauli, ni fotokopi, ni wakili, ni siku za kazi zilizopotea, ni genge lililofungwa. Kitambulisho cha bure kinachotaka afidaviti ya kulipia si cha bure.

Sasa kuna hii Maisha Namba, twaambiwa mtoto akizaliwa atapewa namba itakayomfuata mpaka kaburini, shuleni, kwenye ID, kwenye pasipoti. Mimi si katika wale wanaoipinga kwa kila kitu, ingawa waliokwenda mahakamani kuanzia enzi za Huduma Namba, ule mfumo wa namba uliotangulia huu, walitusaidia sana, Januari 2020 majaji watatu walieleza wazi kwamba wasiokuwa na hati wako hatarini kuachwa nje wakiwekewa mfumo usio na sheria ya kuwalinda. Swali langu ni hili. Kama serikali ina uwezo wa kumshika mtoto kwa namba moja tangu siku ya kwanza, basi ina uwezo wa kufungua rejista mbili ilizonazo leo na kumtafuta kijana aliyezaliwa 2007. Isitwambie hayo mazuri ni ya watakaozaliwa, na hawa waliokwisha kuzaliwa waendelee kubeba bahasha.

Ninachokitaka ni kidogo. Kijana aje na mzazi mmoja, au na namba ya ID ya mzazi mmoja, karani afungue kompyuta atafute. Kikipatikana kizazi chake, amalize, apige vidole na picha. Kisipopatikana, ofisi ndo iandikie ofisi nyengine iulize, si mtoto. Tofauti ya herufi isahihishwe pale pale na ofisi iliyoikosea, bure. Na orodha ya vinavyotakikana iwe moja, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili kinachosomeka kuanzia kwa chifu wa Mtongwe mpaka Huduma Centre ya pale Posta, Digo Road, ili karani akiongeza kitu mtu aweze kunyoosha kidole aseme hiki hakimo.

Wakati twangoja hayo, wazazi wenye watoto wa miaka 16 na 17, anzeni sasa, msingoje matokeo. Toeni ile notifikesheni chini ya godoro mkachukue cheti. Wekeni cheti cha mtoto na ID ya mama pamoja msome herufi kwa herufi, kama kuna kosa mlifuate mapema wakati hakuna kazi inayomngoja mtoto. Na tukizika mtu, awe tajiri awe maskini, matanga yakiisha mmoja katika familia apewe kazi ya kufuatilia cheti cha kifo, kuna mtoto atakihitaji.

Na ukirudishwa, omba sababu kwa maandishi. Kuna sheria ya 2015 ya utendaji wa haki katika utawala, imetoka kwenye kifungu cha 47 cha Katiba, yampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi ya serikali haki ya kuandikiwa sababu zake. Si ugomvi, si ukorofi, sema tu kwa adabu, "Naomba niandikiwe nimekosa nini, na tarehe, na jina la ofisi." Ukishakuwa na hiyo karatasi waeza kwenda nayo kwa wakili wa msaada au kwa mbunge, ukawa na kitu mkononi badala ya kusema waliniambia nirudi. Uchaguzi ni Agosti 2027 na IEBC, tume ya uchaguzi, haimsajili mtu kwa weiting kadi, ile karatasi ya kungojea ID, kwa hivyo kila kijana anayerudishwa leo bila maandishi ni kura moja ambayo haitahesabiwa Kisauni wala Likoni, na hao wabunge wetu sita wa Mombasa wangefaa kuwa wa kwanza kusimama kwenye hizo foleni waulize ni wangapi wamerudishwa wiki hii na kwa sababu gani.